Danieli Mezani pa Mfalme

Somo: Danieli 1:8–16

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya ugonjwa wa kisukari, na zaidi habari ya chakula chake yule aliyeambiwa siku hizi hizi na waganga wa hospitali ya kwamba anao. Huenda mtu akauliza, Je! mambo ya sufuria na sahani yana mahali gani katika mahubiri? Katekisimo Ndogo tuliyofundishwa yamjibu. Dr. Martin Luther aliyeiandika mwaka 1529, alipoeleza ombi la nne la Sala ya Bwana, hakuona haya kutaja chakula na kinywaji, nguo na viatu, nyumba, shamba na mifugo, kuwa ni vitu vya kumwomba Mungu na kumshukuru kwa hivyo. Tena alipoieleza amri ya tano alifundisha kwamba haitoshi kutomwua jirani. Yatupasa kumsaidia katika kila haja ya mwili wake. Basi mwenye kuisoma Katekisimo hawezi kusema kwamba chakula cha mgonjwa si neno la kanisa.

Habari ya Danieli mwaijua. Vijana wanne wa Yuda, Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria, walichukuliwa mpaka Babeli, na mfalme Nebukadreza akawaandikia posho ya kila siku itokayo mezani pake, chakula cha anasa na divai. Danieli akaazimu moyoni asijitie unajisi kwa vitu vile. Akamwendea mkuu wa nyumba, kisha msimamizi, akaomba wajaribiwe siku kumi kwa chakula cha namna nyingine na maji ya kunywa. Hata siku zile zilipokwisha wakatazamwa nyuso zao, wakaonekana wana afya kuliko wenzao. Hatupindui maana ya Maandiko: Danieli hakuwa na kisukari, naye alikataa kwa ajili ya sheria ya Mungu wake. Lakini namna alivyolitenda jambo lile yatufundisha. Na katika Biblia yetu ya Kiswahili chakula kile alichokiomba kimeitwa mtama, ingawa neno la asili lina maana pana, yaani vyakula vitokanavyo na mimea na mbegu. Sisi watu wa Mara, ambao baba zetu walilima mtama na ulezi tangu zamani, tukilisoma neno hilo hatuoni kitu kigeni.

Kabla ya kuendelea, tueleze ugonjwa wenyewe, maana wengi waliouambiwa hawajaufahamu. Chakula chenye wanga, kama ugali, uji, wali, viazi na muhogo, kikiisha kuliwa hugeuka sukari na kuingia katika damu. Nyuma ya tumbo la chakula iko kongosho, nayo hutoa kitu kiitwacho insulini, kinachoifungulia sukari njia ya kuingia mwilini iwe nguvu ya kazi. Katika kisukari cha namna ya pili, ambacho ndicho kiwapatacho watu wazima wengi, mwili huacha kuitii insulini vema, na kongosho nayo hupungukiwa nguvu. Hapo sukari hukaa katika damu, na kwa miaka huharibu mishipa midogo ya macho, ya figo na ya miguu, na mishipa mikubwa ya moyo na ubongo. Dalili zake ni kiu, kwenda haja ndogo mara nyingi usiku, uchovu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona upesi. Lakini wengi hawana dalili yo yote mpaka wapimwe. Kipimo cha asubuhi, mtu asijala kitu, kikifika milimoli 7.0 katika lita moja ya damu au kupita, na kipimo kikirudiwa vivyo hivyo siku nyingine, basi ugonjwa upo.

Wala si ugonjwa wa matajiri peke yao. Uchunguzi wa vijiji vya nchi yetu uliotangazwa mwaka 1989 ulikuta mtu asiyefika mmoja katika mia mwenye kisukari. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu watu 9 katika mia. Vipimo vile havikufanywa kwa watu walewale wala kwa njia moja, hata hivyo kila mzee wa kanisa anayezuru wagonjwa ameona kwa macho yake kwamba wameongezeka. Sababu zake ni unene, hasa wa tumbo, kukaa sana pasipo kutembea, umri, na uzao, kwa kuwa hufuata jamaa. Si uchawi. Mtu mwenye kidonda cha mguu akidhani ametupiwa kitu na jirani, akaacha hospitali na kuzunguka kwa wapiga ramli, huenda akarudi mguu umeoza, hata hauna dawa ila kukatwa. Wala tusimwambie mgonjwa kwamba ameadhibiwa. Wanafunzi walimwuliza Bwana habari ya yule kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, naye alikataa hesabu yao (Yohana 9).

Sasa tumfuate Danieli, hatua kwa hatua.

Kwanza, aliazimu moyoni. Hakungoja mpaka sahani iwekwe mbele yake ndipo afikiri. Aliyeambiwa juzi kwamba ana kisukari na aketi chini na jamaa yake, waamue mapema chakula kitakuwaje. Kosa tulionalo mara nyingi ni hili: mtu huondoa sukari katika chai, akadhani amemaliza, kisha jioni hula mlima wa ugali wa muhogo. Sukari haikai katika kopo tu. Ugali nao huwa sukari, na uji wa unga laini huwa sukari upesi, hata usipotiwa kijiko kimoja. Chupa moja ya soda ya mililita 350 yaweza kuwa na sukari kama vijiko vidogo 8 au 9; nani kwetu atakayetia vijiko tisa katika kikombe cha chai mbele ya watu? Asali nayo ni sukari, ijapokuwa ni kazi ya nyuki. Mithali 25:16 yamwonya aliyeona asali ale kadiri ya kumtosha, asije akaitapika. Na kadiri ya mwenye kisukari ni ndogo sana.

Tusiseme kwamba ugali umeharamishwa. Neno kuu ni kiasi. Jangwani Waisraeli waliokota mana kwa pishi, kila mtu sehemu yake, na aliyeweka akiba ya kesho alikuta imeingia mabuu (Kutoka 16). Vivyo hivyo na iwe pishi ya mgonjwa. Njia nyepesi wanayofundisha waganga ni kuigawa sahani. Nusu yake iwe mboga: mchicha, majani ya kunde, mgagani, mlenda, matembele, kabichi, nyanya. Robo iwe samaki, maharage, kunde, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki iwe ugali, au wali, au kiazi, kadiri ya ngumi ya mlaji mwenyewe. Ugali wa mtama au wa dona, ambao unga wake haukukobolewa, ni bora kuliko wa muhogo mtupu au wa sembe nyeupe, kwa kuwa makapi yake huichelewesha sukari kuingia katika damu. Lakini mtama nao una wanga. Asiyeupima atapandisha sukari kwa mtama kama vile kwa muhogo.

Kwa jambo hili Mungu ametukirimia sana sisi tukaao kando ya ziwa. Sato na dagaa wa Mwigobero ni chakula chema kwa mwenye kisukari, wakichemshwa au wakichomwa, si kuzamishwa katika mafuta, wala wasitiwe chumvi nyingi, maana shinikizo la damu ni rafiki wa kisukari, nayo mara nyingi huja pamoja. Tunda na liliwe lenyewe kwa kiasi, chungwa moja au nusu ya embe, lisikamuliwe, kwa kuwa juisi ya machungwa manne hunywewa kwa dakika moja na makapi yake hutupwa. Kinywaji ni maji, kama alivyoomba Danieli, au chai pasipo sukari. Ulimi hulalamika mwanzoni, kisha huzoea. Walioacha sukari ya chai miezi michache hushangaa jinsi walivyoweza kuinywa zamani. Na pamoja na chakula iwepo kazi ya miguu: mwendo wa haraka wa nusu saa, siku tano katika juma. Zamani safari ya sokoni ilitosha. Siku hizi pikipiki hutuchukua mlangoni na kutushusha mlangoni.

Twajua pia neno la maskini. Muhogo hujaza tumbo kwa fedha kidogo, na nyama hainunuliki kila siku. Ndugu maskini, hatukuagizi chakula cha duka. Mchicha nyuma ya nyumba, kunde shambani, dagaa wa kipimo kidogo na maharage vyatosha. Kilicho ghali ndicho hasa unachoambiwa kuacha, yaani soda, sukari, maandazi na mafuta mengi.

Pili, Danieli alisema kwa adabu. Hakuipindua meza ya mfalme wala hakuwatukana waliokula. Aliomba, na Mungu akampa kibali mbele ya mkuu yule. Hapa pana mtihani mkubwa kwetu, kwa sababu desturi ya Mara ni ukarimu, na mgeni asiyekula huhesabiwa kuwa amedharau nyumba. Mama mmoja huenda amejizuia juma zima, kisha Jumamosi yuko arusini, sinia lawekwa katikati, mkono wake na mikono ya wengine imo humo, wala hajui amekula kiasi gani. Akikataa, wasema anaringa. Akieleza, aona aibu. Basi hula na kunyamaza, na usiku kiu humwamsha mara nne.

Ndugu mgonjwa, jifunze kusema wazi na kwa upole: Mama, nashukuru, nimekatazwa na mganga, nipe samaki na mboga, na ugali kidogo katika sahani yangu peke yangu. Si aibu. Nanyi wenye nyumba, lishikeni neno hili. Anayemlazimisha mgonjwa kunywa soda kwa kusema kwamba siku moja haiui, huku akijua ugonjwa wake, na aisome tena amri ya tano na maelezo yake. Ukarimu wa kweli hutazama haja ya mgeni, wala hautafuti sifa ya mwenyeji. Katika karamu za ubatizo, za kipaimara na za mavuno, wazee wa kanisa na waamuru mtungi wa maji uwekwe kando ya kreti za soda, na mboga iwe nyingi. Hili halina gharama kubwa.

Tatu, Danieli alikubali kujaribiwa na kutazamwa. Hakusema, Tuamini tu. Alisema, kwa maana, Tupime siku kumi, kisha tazama. Imani yake haikuogopa kipimo. Ndivyo afanyavyo mwenye busara aliyegunduliwa karibuni: kwa siku kumi huandika katika daftari kila alacho na saa alipokula, kisha hurudi kliniki na daftari lake, ajue ni chakula gani kilichompandisha. Baada ya miezi mitatu iko damu nyingine ya kupimwa, inayoonyesha wastani wa sukari wa muda ule wote. Kipimo hiki hakidanganywi na mtu aliyefunga siku mbili tu kabla ya kwenda hospitali.

Matunda yake yapo. Huko Scotland na kaskazini ya Uingereza walichukuliwa wagonjwa waliokuwa na kisukari cha namna ya pili kwa muda usiozidi miaka sita, wakapunguziwa chakula sana chini ya macho ya waganga, ili wapungue uzito. Habari yao ilitangazwa mwaka 1 wa matokeo, yaani 2017: baada ya miezi kumi na miwili karibu nusu yao, 46 katika mia, vipimo vyao vilikuwa vimetoka katika kiwango cha kisukari pasipo dawa, na waliopungua kilo 15 au zaidi walifaulu kuliko wengine. Lakini fahamuni vema. Ugonjwa ule waweza kurudi mtu akirudia unene, na dawa waliacha kwa amri ya waganga, si kwa shauri lao. Tena mwenye kukonda tayari asijikondeshe zaidi, na aulize.

Kwa ajili ya hayo hatuna budi kutaja jambo lililotugusa sisi Walutheri wenyewe. Mwaka 2011 watu maelfu kwa maelfu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemwa kwamba huponywa hapo. Magari yalipanga foleni ndefu, na wengine walifia njiani. Mzee yule alikwisha kulala mwaka 2021, nasi hatumhukumu; kumhukumu ni kwa Bwana. Lakini twaweza kujifunza. Mungu aweza kuponya apendavyo, nasi twaomba kwa ajili ya wagonjwa kila Jumapili. Anayesema amepona na aende akapimwe, kama Bwana Yesu alivyowatuma wenye ukoma wajionyeshe kwa makuhani. Uponyaji utokao kwa Mungu hauharibiki kwa kupimwa. Mhubiri anayemwambia mgonjwa atupe vidonge vyake ili aonyeshe imani, amemjaribu Bwana kwa mwili wa mtu mwingine. Ile metfomini na ile insulini ni zawadi za Mungu pia. Kabla ya kazi iliyofanywa mjini Toronto mwaka 1921, na sindano ya kwanza ya Januari 1922, watoto waliopatwa na kisukari cha namna ya kwanza walikuwa hawana tumaini la kuishi.

Jueni na hatari ya upande wa pili. Mwenye kutumia insulini, au vidonge vingine vinavyoshusha sukari kwa nguvu, asiache kula baada ya dawa, na asinywe pombe, kwa maana sukari yaweza kushuka mno. Akitetemeka, akitoka jasho, akisikia njaa kali au kuchanganyikiwa, apewe upesi vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari katika maji, na baada ya dakika 15 apewe tena kama hajapata nafuu, kisha ale chakula. Saa hiyo sukari ndiyo dawa. Lakini akizimia asinyweshwe kitu, asije akapaliwa. Na apelekwe hospitali mara moja. Kwa sababu hiyo mwenye kisukari anayetaka kufunga wakati wa Kwaresima na aulize kwanza kwa mganga wake. Akikatazwa, atafunga kwa njia nyingine, kwa sala na sadaka, na Bwana aonaye sirini atamwona. Wala mtu asikae mbali na Meza ya Bwana kwa hofu ya divai. Kile kidogo cha mkate na divai tupokeacho hapo hakimdhuru mwenye kisukari.

Nne, Danieli hakuwa peke yake. Walikuwa wanne, wakala chakula kimoja na kunywa maji mamoja. Mara nyingi sisi humfanya mgonjwa kuwa mpweke mezani: sufuria yake ndogo pembeni, na watoto wakila mbele yake vitu alivyokatazwa. Lakini chakula tulichokieleza si chakula cha wagonjwa tu. Ni chakula chema kwa kila mtu, na watoto wa mwenye kisukari wamo katika hatari ya kumrithi. Nyumba nzima na ipike chungu kimoja. Baba asiseme, Ugonjwa ni wa mama, mimi niletewe maandazi yangu. Na ikiwa mgonjwa ni baba, mkewe asiachiwe peke yake kazi ya kumzuia kama mlinzi wa gereza. Mwenye tumbo na ajizuie mwenyewe.

Nanyi waalimu na wainjilisti, mnaoingia nyumba nyingi kuliko mganga ye yote, ulizeni habari za miguu ya wagonjwa, kama wavaa viatu, kama wana jeraha. Wahimizeni watu wa miaka 40 na kuendelea, na wanene, na wenye jamaa wagonjwa, waende zahanati au kituo cha afya wapimwe. Vikundi vya akina mama vyaweza kulima bustani ya mboga katika kiwanja cha kanisa, na mboga ile ikaenda kwa wasio na shamba. Na mgonjwa akianguka, akala alichokatazwa, msimkemee hata akawaficha. Anayefichwa hapimwi, na asiyepimwa huangamia polepole. Mwinueni, kesho aanze tena.

Tena kumbukeni mwisho wa habari. Danieli hakuishi siku kumi tu. Aliishi mpaka mwaka wa kwanza wa mfalme Koreshi, akitumika katika Babeli mbele ya wafalme. Hakujizuia mezani ili ajivunie kujizuia. Alijitunza kwa ajili ya kazi aliyopewa na Mungu. Nawe uliyeambiwa juzi habari nzito, bado una watoto wa kulea, shamba la kulima, wajukuu wa kufundisha Sala ya Bwana. Ugonjwa huu hauondoki kwa siku moja, lakini wengi wanao nao wanaishi miaka mingi wakifanya kazi zao. Jioni ya leo, unapotoa shukrani juu ya chakula, tazama sahani yako: nusu mboga, robo samaki, robo ugali. Ushukuru, ule, uridhike. Bwana aliyewalisha watu wake jangwani kila mtu kwa pishi yake, awape na ninyi kadiri iwatoshayo, na moyo wa kuipokea. Amina.